Seleni wa Babu

Kwa heshima na taadhima, inatangazwa kwamba mjukuu msomi, aliyerudi likizo kutoka shule ya bweni, ameichangia tiba ya moyo herufi moja. Herufi yenyewe ni m.

Daktari alimwandikia Babu: "Moyo wako unahitaji Seleni. Kidogo kila siku, usizidishe." Karatasi ikabandikwa kwenye friji. Shuleni tulifundishwa kwamba seleni ni madini yaliyomo kwenye samaki, mayai na maini, na kwamba mwili ukiyakosa sana moyo huweza kudhoofika. Tulifundishwa na sarufi pia. Nikatoa kalamu yangu ya kijani, nikachomeka m. Moyo wa Babu sasa ukawa unamhitaji Seleni.

Bibi aliisoma bila miwani. Akaisoma tena.

"Mzee, Seleni ni nani?"

"Ndiyo dawa ya moyo wangu," Babu akajibu, huku anatafuta kandambili.

"Na daktari kakupangia dozi kabisa."

"Kidogo kila siku. Nikizidisha nitaumwa."

"Utaumwa kweli."

Nilikimbilia bafuni kucheka. Kicheko kiliniisha mchana, samaki walipobaki kwenye friji na Babu akawekewa mkate mkavu na chai ya rangi. Jioni vivyo hivyo. Siku ya tatu mayai yakahamia kwa jirani. Babu akapanda ngazi za baraza, akakaa katikati, mkono kifuani.

"Mke wangu, kosa langu nini?"

"Kamwambie Seleni akupikie."

Hapo nilitaka kusema, nikaishia kuisukuma kalamu ndani ya mfuko wa shati. Bibi akampigia daktari, simu akaiweka sauti ya juu.

"Daktari, huyo Seleni anakaa wapi?"

"Kwenye samaki, mama. Na mayai."

"Kumbe anauza sokoni?"

"Mama, seleni si mtu. Ni madini."

Bibi akavaa miwani, akaibandua karatasi, akaikagua kama anayechambua mchele. Maandishi yote bluu. M peke yake kijani. Kisha akatazama mfuko wa shati langu.

"Mjukuu wangu msomi."

"Naam, Bibi."

Mchana ule Babu alikula samaki mzima. "Seleni mtamu," akasema.

"Usizidishe," Bibi akamjibu.

Basi nakiri: m ni yangu, kalamu ni yangu, na Babu alipokaa pale kwenye ngazi niliogopa kuliko siku ya mtihani. Naandika haya kwa mkono mmoja. Mwingine umejaa magamba ya samaki, na likizo bado wiki tatu.