Kitabu Upande wa Idda

Kitabu tulikuwa nacho kimoja. Jalada lake lililiwa na mchwa kabla hakijanifikia, kwa hiyo jina lake silijui mpaka leo. Nilipewa na mzee wa kanisa nilipomaliza darasa la ubatizo, na alinipa kwa sababu nilimsumbua sana. Nina mdomo, nakiri.

Binti yangu Idda alipotimiza miaka mitano nikaanza kumsomea, kila siku tukitoka shambani, kabla sijainjika chungu. Mikono yangu ilikuwa na kazi yake ya kusuka vikapu vya mianzi, na mianzi ikishalowekwa haingoji. Basi kitabu nilikilaza mkekani mbele ya magoti yangu, nikawa nasoma huku nasuka. Idda aliketi ng'ambo ya pili ameshika kitako cha kikapu kisicheze. Kurasa nilifunua mwenyewe. Sikumruhusu kukigusa hata siku moja, maana vidole vyake vilikuwa na majivu wakati wote, na kitabu kingine ningekitoa wapi?

Nilikuwa na sababu ya kumsomea, na sababu hiyo ni baba yake. Mwaka 1947 mume wangu Mika alikwenda Makambako kupanda lori la wakata mkonge wa Tanga, nami nikamsindikiza. Palikuwa na meza, nyuma ya meza karani, na mbele ya karani karatasi. Mika akaambiwa weka dole, akaweka. Yeye alijua anakwenda miezi tisa. Karatasi ilisema miaka miwili. Mimi niliyejua kusoma niliachwa nje ya uzio pamoja na wanawake wengine. Barua yake ya mwisho, aliyoandikiwa na mwenzake kambini, ilikuwa na agizo moja: Idda asije akaweka dole kama mimi. Homa ilimchukua kabla ya kumaliza mwaka wa pili. Kaburi lake sijaliona.

Kijijini kwetu shule ilifungwa mwalimu alipohamia Bulongwa. Kwa hiyo mwaka 1951, iliposomwa kanisani kwamba shule ya bweni inatafuta wasichana kumi na wawili wanaojua kusoma tayari, sikulala. Tuliondoka alfajiri, tukatembea mpaka Njombe. Njiani nilikuwa nikimwuliza Idda mistari, naye akiitaja bila kitabu. Nilitamba moyoni kama mtu aliyekwisha kushinda.

Mwalimu Gideoni wa shule ile aliketi nyuma ya meza yenye daftari kubwa. Watoto walikaa kwenye mabenchi humohumo ndani, wazazi tukasimama mlangoni. Kila mtoto alipewa kitabu kilekile, ukurasa uleule. Idda aliitwa wa kumi na tisa.

Alikipokea kitabu kwa mikono miwili, akakitazama. Kisha akakigeuza, juu chini, akaanza kusoma. Alisoma vizuri, sauti imetulia, lakini benchi la nyuma lilikwisha kucheka.

"Kishike sawasawa," Mwalimu Gideoni alisema.

Idda akakigeuza tena. Nilimwona akihangaika na neno la kwanza, midomo inacheza bila sauti, mpaka macho yakajaa machozi.

"Umeusikia ukurasa huu tangu asubuhi, mwanangu," mwalimu alisema bila ukali. "Kusikia siyo kusoma." Akachovya kalamu kwenye wino.

Sikungoja kuitwa. Niliingia. "Mwalimu, mtoto wangu anasoma. Mimi ndiye ninayemsomea kila siku."

"Mama, hata kukishika hajui." Aliendelea kuandika.

Nilitaka kumjibu jibu ambalo lisingetufaa. Lakini nilimwona Idda amesimama mbele ya meza ile, na mwalimu upande wa pili, na daftari katikati, limemwelekea mwalimu. Ndipo nikauona mkeka wetu. Kwa miaka mitatu mtoto wangu alikuwa akitazama maneno kutoka upande wa pili, nami ndiye niliyemweka huko.

"Idda," nilisema, "msomee mwalimu anachoandika."

Mwalimu akainua kalamu. Idda akapangusa macho, akainama kidogo, akasoma kwa sauti ileile ya mkekani:

"Kumi na tisa. Idda binti Mika. Hajui kusoma. Amekariri. Arudi kwa mama yake."

Benchi halikucheka tena. Mwalimu Gideoni alilitazama daftari, akamtazama mtoto, kisha akaandika mstari mwingine, polepole. Idda akausoma kabla wino haujakauka: "Nani amekufundisha hivi?"

"Mama," Idda akajibu. "Mimi hukaa upande huu."

Mwalimu alikata alichoandika kwanza. Hakusema samahani, wala sikuidai. Nilikuwa namfikiria Mika mbele ya meza ya Makambako, na kile kilichoandikwa juu yake akiwa amesimama palepale, anatazama, asijue.

Mwezi wa kwanza wa mwaka uliofuata Idda alipanda lori la misheni pamoja na wenzake kumi na mmoja. Mwalimu aliniambia watamzoesha kugeuza kitabu, haitachukua muda. Nilimshukuru, nikarudi nyumbani kwa miguu.

Siku ya pili nilitandika mkeka saa ileile. Niliweka kitabu, nikashika kikapu, na kitako kikawa kinacheza kwa kuwa hapakuwa na wa kukishika. Nilisoma mistari miwili nikaacha. Nikahama, nikaenda kuketi upande wa Idda.

Ukurasa ule naujua kwa moyo, basi nilifunua mwingine, wa katikati, nisioupenda. Nikaanza mstari wa kwanza. Sikuuweza. Nilijaribu neno mojamoja, kwa kidole, kama siku zile za darasa la ubatizo, na bado herufi zilinikataa. Mtoto wa miaka mitano alikuwa amekaa hapa, akalipata hili peke yake, kimya, siku baada ya siku, na mimi ng'ambo nikimkaripia asiguse.

Nililia mpaka mianzi ikakauka, ikawa haisukiki tena.