Moshi Kwenye Ramani ya Saruji

Kila asubuhi, kabla ya kuwasha jiko, mpishi wa shule alifagia ramani. Ilikuwa ramani ya saruji, imelala chini kati ya jiko na darasa la nne, pana kama chumba cha kulala. Ilikuwa na nchi nne zinazopakana, milima ya kufika magotini, mito iliyochorwa kwa kidole saruji ikiwa mbichi, na ziwa lenye ukubwa wa sinia.

Aliyeijenga ni mwalimu wa jiografia. Wanafunzi walimwita Latitudo kwa sababu alipenda kulitamka neno hilo hata akiomba chumvi mezani. Latitudo aliamini kwamba ramani isiyo na udongo wa mahali penyewe ni picha tu, kwa hiyo alimtaka kila mwenye ndugu ng'ambo ya mpaka alete konzi ya udongo wa huko, nao ukachanganywa na saruji ya sehemu hiyohiyo. Mpishi alileta udongo wa bonde lililo ng'ambo ya mpaka, kutoka uani kwa mdogo wake aliyeolewa kule.

Basi ikawa mvua ikinyesha kwenye mlima wa nchi jirani, inanyesha na kwenye ramani, juu ya mlima ule peke yake, na kuku wanakwenda kunywa. Ukiinama na kutega sikio, unasikia mambo ya huko: soko, ng'ombe, watu wakigombana kwa lugha usiyoijua. Wazazi walipoelezwa waliuliza tu kama ada itapanda.

Habari za bonde Latitudo alizifundisha vizuri. Watu wake na watu wa vilima vya upande huu walikuwa wa lugha moja, wakiozana na kuzikana, mpaka wageni wenye rula walipopiga mstari juu ya mto. Baadaye mstari ukasogezwa. Kuna vikongwe bondeni waliobadilishiwa nchi mara mbili bila kuhamisha hata jiko. Akishasema hayo, Latitudo aliwaambia wanafunzi wapigie mstari kichwa cha habari.

Mpishi alitega sikio bondeni kila alasiri, vyombo vikishaoshwa. Mdogo wake alikuwa na kikohozi kikavu, cha mara tatu tatu, alichokirithi kwa mama yao pamoja na ubishi. Mpishi akishakisikia, alikwenda zake nyumbani moyo umetulia.

Moshi ulianza kutoka bondeni kwenye ramani siku ambayo shule ilikuwa ikimsubiri mkaguzi. Ulikuwa mwembamba, kama wa njiti ya kiberiti iliyozimwa, na mpishi alidhani kaa limeruka kutoka jikoni kwake. Akainama kuliondoa, ndipo akasikia mabuti. Akasikia kipaza sauti kikiwatangazia watu kwamba ardhi ile imepata mwenyewe, na kwamba walishaambiwa waondoke. Akasikia nyasi za mapaa zikiungua, na watoto. Ni jambo la kutisha kusikia nyumba ya mdogo wako ikiteketea huku wewe umeshika mwiko.

Alichukua bakuli la maji, akachovya vidole, akanyunyiza kidogo kidogo kama mtu anayetaka kupiga pasi. Kule yakawa manyunyu. Moto ukafifia upande wa nyumba ya mdogo wake, kikohozi kikasikika. Mpishi aliendelea kunyunyiza mpaka mgongo ukakakamaa, na maharage ya mchana yakaungua.

Harufu ya maharage ndiyo iliyomleta mwalimu mkuu. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu mwenye mgeni. Gari la mkaguzi lilikuwa limeshaingia getini.

"Mama, funika kombe mwanaharamu apite," alisema. "Mgeni akiukuta huu moshi tutamwambia nini?"

"Tumwambie watu wanachomewa nyumba, Mkuu. Mdogo wangu yumo humo."

"Akishaondoka tutakaa tulizungumze."

Akabeba ndoo ya kuoshea masufuria, ilivyojaa, akaimwaga yote bondeni.

Moto ulizimika. Maji yalisimama kutoka kilima hata kilima, ukoko na povu la sabuni vikielea juu yake. Mpishi alipiga magoti akawa anayachota kwa viganja, kwa bakuli, kwa aproni yake aliyoivua na kuikamua, tena na tena. Mkaguzi alipita, akasema amefurahi kuona wafanyakazi wanaojituma kwenye usafi.

Jioni redio ilitangaza kwamba mafuriko yamelikumba bonde katikati ya kiangazi, na kwamba maji yalikuwa na povu. Serikali ya nchi jirani iliwashukuru wote waliotuma rambirambi. Ilisema wakazi wote wamesombwa, kazi ya Mungu haina makosa, na ardhi sasa iko wazi kwa mwekezaji. Habari ya moto haikutajwa, kwa kuwa hakuna majivu yaliyobaki. Kesho yake mwalimu mkuu alinunua ndoo mpya, ile ya zamani akaifungia stoo.

Mpishi alikwenda mpakani. Afisa alimpisha kitini, akamweleza kwa upole kwamba bonde halina mtu, na kibali cha kumtembelea mtu asiyekuwepo hakitolewi.

Aliporudi alikuta maagizo ya mkaguzi yameshafika. Silabasi mpya inalitaja bonde kuwa uwanda usiokaliwa na watu, hivyo ramani irekebishwe. Latitudo alichanganya saruji mwenyewe, safari hii bila udongo wa mtu, akalijaza bonde na kulisawazisha. Mpishi alisubiri amalize, akainama, akatega sikio. Alikaa hivyo mpaka kengele ya kwenda nyumbani ikalia.

"Mwalimu," alisema, "mdogo wangu yu hai. Anakohoa."

"Najua, dada. Nilimsikia wakati napiga saruji."

"Ukamsikia, ukaendelea?"

Latitudo alikwangua saruji iliyoganda kwenye kucha zake. "Watoto wana mtihani," alisema. "Hilo swali litatoka."

Lilitoka kweli. Tangu hapo kila mwaka anawaleta wanafunzi kwenye ramani, anasimama pale palipo tambarare, anauliza ni watu gani wanaoishi hapa. Mpishi anaacha vyombo vyake, anatoka na kusimama mlangoni. Chini ya viatu vya mwalimu mtu anakohoa, kikohozi kikavu, cha mara tatu. Latitudo ni mtu wa adabu, anangoja amalize. Kisha wanafunzi wanajibu kwa pamoja kwamba hapa haishi mtu, na wote wanapata.