Alimantasio

…malimao, amesema malimao, na wote wamecheka, hata Hilali mwenyekiti ambaye huwa hacheki mpaka chai iletwe, na Diwani Saidi aliyeutoa mzaha huo anajitazama kucha kama mtu aliyefunga goli, labda mama huyu anauza malimao, waheshimiwa, kalamu imemteleza, ila Lukmani, afisa biashara, hakucheka, aliisogeza fomu dirishani akaisoma silabi kwa silabi, aina ya biashara, a-li-man-ta-si-o, akaniangalia, kwa kuwa Claudine, mwenye fomu hii ya kuomba leseni, ni wa kata yangu, ndipo Hilali akainua kalamu, “Mheshimiwa Venanti, huyu ni mtu wako, hebu tusaidie, hiki ni kitu gani?” na kalamu ndiyo hiyo, iko juu, inanisubiri, na mimi nimeinamia ramani ya mtaa mpya wa stendi utadhani jibu limechorwa humo, kumbe ni mistari mitupu, vibanda vya mabati vinavunjwa, vya matofali vinajengwa, mwenye leseni anapata chumba, asiye na leseni anabeba mabati yake anakwenda anakojua, na sijui, nitasema sijui, ni neno jepesi na halijawahi kumfukuzisha mtu nchini, sijui, mwenyekiti, tuendelee… lakini nalijua, Mungu wangu, nalijua kuliko jina langu, na hata tahajia nimeiona kutoka hapa nilipokaa, miaka tisa ya ualimu haimtoki mtu, ameandika kwa herufi za kuunganisha, mwandiko mzuri wa masista, na ile O ya mwisho imebanwa ukingoni kwa sababu kisanduku cha fomu ni kifupi, Claudine, Claudine, siku zote ukiniuzia mawese unajua kusema duka, karibu dukani, Mwalimu, njoo na chupa yako leo, zangu zimekwisha, kulikuwa na ubaya gani kuandika duka la vyakula, maneno matatu, mtoto wa darasa la pili anayaweza, lakini alishika kalamu na mkono ukaenda ulikofundishwa, ndivyo ulivyo mkono, hauna adabu, hata wangu… siku ya kwanza shuleni Kumsenga, kule Kibondo, nilimwambia mwalimu sina ikaye, darasa zima likanigeukia, na nyumbani mama akanizaba kofi, yeye ambaye hakuwahi kunipiga, akalia kabla yangu, “Ewe mwana, hapa wanasema daftari. Daftari! Ukisema ikaye tena watatuvusha mto, waturudishe tulikokimbia,” na tangu siku hiyo akawa ananipekua maneno kila jioni kama anayemtafuta mwanawe chawa, hili letu, hili lao, hili tupa, nikayatupa yote, nikawa Muha wa Kibondo, na hapa Kasulu ulimi ukiteleza wenyeji husema, ah, ndivyo wasemavyo Kibondo, hunisaidia uongo bila mimi kuufungua mdomo… na mama mwenyewe, wiki ile ya mwisho, umeme ulipokatika wodini aliniomba buji, buji mwanangu, nikainama nikamsahihisha, mshumaa, mama, mbele ya nesi, mwanamke anakufa na mimi namsahihisha, sijajisamehe hilo na sioni nitakavyojisamehe. “Mheshimiwa?” Huyo ni Lukmani, sauti ya upole, “kama hata diwani wake haelewi, napendekeza tuwapelekee wenzetu wa uhamiaji, wamwite, wamhoji kidogo,” kidogo, anasema, na Saidi anaitikia kwa kichwa, mzaha umemwisha, na tangu amri ya mwaka jana ya kuwakamata wakimbizi walio nje ya kambi kila mtu hapa anajua kuhojiwa kidogo ni nini, Claudine atafungua mdomo kuwaamkia tu na jioni yuko kwenye lori la kambini Mtabila, yeye na wanawe wawili waliozaliwa hapahapa, na mume aliyemzika nyuma ya kanisa atabaki peke yake, na karatasi za uraia hana, nami sina, nina kadi ya chama na cheti cha ualimu na jina nililopewa Kumsenga… au niseme malimao, ndiyo, Saidi amenifungulia mlango, malimao na ndimu, mwenyekiti, kosa la tahajia, wacheke, wagonge muhuri, chai ije, na wiki ijayo mgambo wamkute na mchele na chumvi na sabuni kwenye leseni ya malimao, wamzoe yeye na mchele wake, hapana, huo si mlango, hilo ni shimo tu.

Kule kwetu, ng'ambo ya mto, baba aliitwa mkutanoni asubuhi, hilo ndilo ninalolikumbuka, hakuna aliyekuja na bunduki, alikuja tarishi na karatasi, mkutano wa wafanyabiashara wa mtaa, ajenda sijui leseni sijui usafi, baba akavaa koti, akafunga milango ya duka, akaniachia funguo kwa kuwa mkutano hauchukui muda, na sisi tukavuka mto siku ya nne bila yeye, funguo ziko mfukoni mwa kaptula yangu, na miaka yote nimejiuliza juu ya waliomwita, wala sijawahi, mpaka dakika hii, kuwafikiria waliokuwa wamekaa tu, kwa sababu lazima kulikuwa na meza, na wajumbe, na mmoja wao alikuwa ananunua sukari kwa baba, akaulizwa, unamfahamu huyu, akainamia karatasi zake, mtu mwenye watoto, mtu mwema labda, akitafuta jibu kwenye mistari… nimemchukia mtu huyo sasa hivi tu, ndiyo kwanza nimemjua, na amekaa kwenye kiti changu. Kalamu bado iko juu. Hilali ananitazama bila ubaya, anataka chai, “Mheshimiwa Venanti, tunakusubiri wewe,” nami naikunja ramani, naogopa, naogopa sana, lakini ni duka la vyakula, mwenyekiti, nitasema, mchele, chumvi, mawese, nanunua pale kila Jumatano, na Lukmani akiuliza nimelijulia wapi neno lenyewe, maana atauliza, nitamwambia ndilo neno la kwanza nililosoma maishani, lilikuwa juu ya mlango wa baba yangu, kwa rangi ya bluu, na ile O ya mwisho ilibanwa kwa sababu ubao haukutosha.