Kifuniko Kisicho na Tundu

Ya kale ni dhahabu, watu husema. Si kweli. Ya kale ni alumini iliyopakwa rangi ya dhahabu. Ukiigonga kwa kijiko inalia kama debe, na ukiiweka juu ya jiko jipya la umeme, jiko linakataa kuitambua.

Mama alilijua hilo kabla hatujatoka nyumbani. Alibandua sumaku kwenye mlango wa friji, ile yenye picha ya kuku wa kukaanga na namba ya simu ya muuzaji, akaitia mkobani.

"Leo hatudanganywi na mtu," alisema. "Sufuria isiyonasa sumaku, hata iwe imechorwa maua, hatununui."

Nilikuwa naolewa na Myeong-hun majira ya kuchipua. Nyumba walinunua watu wa kwao. Vyombo vya ndani vilikuwa juu yetu. Kwa hiyo tukaenda mtaa wa vyombo, soko la Chilseong hapa Daegu, na mama yake Myeong-hun akaja "kusindikiza tu". Alisindikiza akiwa mbele.

Mwenye duka alikuwa na sauti ya kuitia watoto mtaa wa pili. "Karibuni, karibuni! Bi harusi yupi? Msiniambie. Huyu hapa aliyenuna."

"Hajanuna, ndio uso wake," Mama akanitetea.

"Basi mwenye bahati ni bwana harusi, hatashtuka akigombezwa. Haya, jiko ni la namna gani?"

"La umeme, lile la kioo," alisema Mama Myeong-hun. "Sitaki moshi wa gesi kwenye nyumba ya mwanangu."

"Sikilizeni basi. Jiko hilo halina moto, linaipasha sufuria yenyewe. Mtazame kitako. Kinase sumaku. Kiwe bapa, maana kikibinuka kitacheza na kuwapigia kelele. Tena kilingane na jicho la jiko. Ukiweka kisufuria kidogo kwenye jicho kubwa, jiko litasema hapa hakuna kitu, lijizimie."

Mama akatoa kuku wake. Sufuria ya kwanza, tap, akanasa. Ya pili akateleza akaanguka sakafuni kifudifudi.

"Hii ya uongo!"

"Si ya uongo, mama, ni ya gesi. Mwokote kuku wako."

Wakaendelea, wakizipindua moja baada ya nyingine, mama wawili wameinama kama wanachagua matikiti. Mama Myeong-hun alipitisha kidole ndani ya sufuria ya chuma cha pua, akatazama kama kimetoka cheusi, akasema mpya zote lazima zifutwe kwa mafuta ya kupikia kabla ya kutumika, yeye mwenyewe atakuja kunionyesha. Mama alikubali kwa kichwa. Mimi sikuwa naangalia vitako. Mikono yangu ilikuwa inafunua vifuniko.

Vyote vilikuwa vya kioo, na kila kimoja kilikuwa na tundu la kutolea mvuke.

Jin-seop, niliyekuwa naye kabla ya Myeong-hun, alikuwa amepanga chumba cha juu ya paa, kule nyuma ya stesheni, ambako majira ya baridi maji yaliganda bombani. Alikuwa fundi wa kuchomea vyuma. Alikuwa na sufuria moja tu, ile ya alumini ya njano ambayo kila nyumba inayo, iliyobonyea ubavuni. Tambi zikiiva alifunua kifuniko, kisicho na tundu, akakipindua kama bakuli, akanipa mimi. Kinashikwa kwa kile kitufe cha chini, nacho kinaunguza, kwa hiyo alinivisha glavu yake ya kazini, inayonuka chuma. Mimi nilikula kwenye kifuniko, yeye kwenye sufuria, vichwa vyetu karibu vigongane. Miwani yake ilikuwa nyeupe kwa mvuke. Alikuwa haoni kitu, lakini vijiti vyake vya kulia havikukosea hata mara moja kuniwekea yai.

"Usipulize sana," alikuwa akisema. "Utapoza na njaa."

Mama alisema mtu asiye na nyumba hana mlango wa kupigiwa hodi. Jin-seop akarudi kwao Geoje, kwenye karakana za meli, mimi nikabaki Daegu. Hakuna aliyegombana.

Myeong-hun naye hunipikia tambi. Huzimimina kwenye bakuli, akapangusa ukingo kwa kitambaa, akaniuliza kama chumvi imetosha. Imetosha siku zote. Sina neno baya juu yake, nami nimelitafuta. Ila kila maji yanapochemka nyumbani kwake, mimi huwa nasikiliza ngazi za paa ambazo hazipo.

"Hamna kifuniko kisicho na tundu?" niliuliza.

Mwenye duka akakuna kichwa, akapanda kigoda, akashusha sufuria ndogo ya chuma cha pua yenye kifuniko cha chuma. Nilikipindua. Nikashika kitufe kwa chini, nikakileta karibu na kidevu. Kilikuwa kizito kuliko kile cha Jin-seop, na baridi.

"Ahaa!" mwenye duka akacheka. "Bi harusi anakula kwenye kifuniko! Nani kakufundisha, mpenzi?"

Ulikuwa mzaha. Lakini uso wangu ukamjibu kabla sijajua.

"Kwetu hata mgeni wa ghafla hupewa bakuli," alisema Mama Myeong-hun taratibu, na kicheko kikafa.

"Utoto huo, mkwe mwenzangu," Mama akaruka. "Akishaanza kulea utamtoka." Kisha akanivuta nyuma ya rafu ya mapipa ya kutilia kimchi, ile kabichi iliyochachushwa, akaniangalia machoni. "Ni yule fundi?"

"Ndiyo."

"Umempigia?"

"Hapana. Namba yenyewe sijui kama bado ni ile."

"Ana mke?"

"Sijui, Mama."

"Sasa unalilia nini, wewe mtoto?"

"Nina njaa."

"Tutakula tukimaliza hapa!"

"Si hiyo."

Alielewa, nikaona alivyoelewa, kisha akaamua kutoelewa. "Kiweke kifuniko chini, Sol-bi. Nenda kachague sufuria."

Nilikiweka chini. Nikaenda pale alipokuwa Mama Myeong-hun, mkononi ana sufuria aliyokwisha kuikubali, kubwa, bapa, ya kupikia watu wanne.

"Mama, irudishe hiyo," nilimwambia. "Siolewi. Myeong-hun nitamwambia mwenyewe, leo, ana kwa ana."

Alicheka kidogo, kama mtu aliyesikia vibaya. Halafu akaacha. "Kwa ajili ya kifuniko?"

"Nikikaa kwake nitashiba kila siku huku namtamani mwingine. Hata yeye hastahili hivyo."

"Tumeshaalika watu. Mwanangu amekukosea nini?"

"Hajanikosea chochote."

Mwenye duka alijifanya anapanga vijiko. Mama akanifinya mkono mpaka kucha zikaingia. "Piga magoti," alinong'ona. "Hapa hapa, mbele za watu. Muombe radhi mama wa watu, useme umechoka, useme una homa, sema lolote. Muombe radhi, Sol-bi!"

Nilimtazama yeye, kisha nikamtazama Mama Myeong-hun, ambaye alikuwa bado ameikumbatia ile sufuria.

"Ukweli nimeusema," nilijibu. "Radhi siombi."