Walio Chini ya Hekalu

Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima Tarrawee, mji wetu mdogo wa machimbo ya zamani, na asubuhi hiyo sakafu ya hekalu ilianza kulia. Ubao mmoja ulilia karibu na mlango, kisha mwingine karibu na madhabahu, na hakuna mtu aliyekuwa akitembea. Nilisimama kizingitini na viatu vyangu vya mjini.

Shangazi Verna, dada yake baba, alikuwa amekaa kwenye kiti chake mbele ya sanamu ya Kwan Tai, mungu wetu wa uso mwekundu na ndevu ndefu. Alikuwa akichambua maharage mabichi mapajani kama mtu aliye jikoni kwake. Amepita miaka themanini, na hekalu hilo amelitunza tangu ujana wake. Katikati ya sakafu, kati yake na mimi, kulikuwa na ufa ambao ungemeza ngumi.

"Shangazi, toka."

"Umekuja bila kula. Sura imekusinyaa hiyo."

"Toka nje, Shangazi! Ardhi inaondoka!"

"Ardhi ya Tarrawee inaondoka tangu baba yangu hajazaliwa. Vua viatu."

Nikavua. Wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hawasemi mkuu mwenyewe asiposikia huvunjika nini.

Nje, Colin Trask wa halmashauri alikuwa akizungushia uwanja utepe wa njano. Nilisoma naye, na enzi hizo kazi yake ilikuwa kunivuta nywele. Siku hizi ana kitambi na helmeti. Halmashauri hiyo hiyo ilisimamisha kibao kizuri barabarani cha kuwaambia watalii kwamba hekalu ni urithi wa Wachina wa enzi za dhahabu, kisha ikauacha mtaro wa nyuma uzibe mpaka maji yote yakaingia kwenye shimo la mgodi lililo chini yetu. Kibao hakijapata hata ufa.

"Noreen!" alipiga kelele. "Mhandisi anasema hekalu halimalizi leo! Mbebe ukibidi!"

"Njoo umbebe wewe!"

"Mi nilijaribu jana. Alinitandika na ufagio!"

"Na nitakutandika tena," Shangazi alisema bila kuinua macho. Kisha akaniambia, "Hakuna anayemhamisha Kwan Tai bila kumwuliza. Nimemwuliza wiki nzima, anakataa tu. Leo uko wewe, labda atakuonea haya."

Akatoa vipande viwili vya mbao vya kumwulizia mungu, vilivyochongwa kama nusu mwezi, bapa upande mmoja na mviringo upande wa pili. Unauliza, unavirusha. Kimoja kikilala bapa juu na kingine mviringo juu, mungu amekubali. Vyote viwili vikionyesha mgongo wa mviringo, amekataa. Vyote vikionyesha tumbo bapa, anakucheka. Inatakiwa akubali mara tatu mfululizo, na katika ukoo wetu sheria hiyo haijawahi kupunguzwa, hata kwa harusi.

Nikaruka ufa nikapiga magoti kando yake. Mbao za sakafu zilikuwa za baridi na zilitetemeka chini ya viganja vyangu. Niliogopa, sifichi. Nilimwogopa mungu, nikaliogopa shimo, na Shangazi nikamwogopa kupita vyote viwili.

Shangazi alirusha. Amekubali. Akarusha tena. Amekubali. Nikaanza kupumua. Mara ya tatu kipande kimoja kilitua mbele ya magoti yangu, bapa juu. Cha pili kilidunda, kikabingirika, kikadumbukia ufani.

Tukasikiliza. Nilikuwa nikingoja mlio wa ubao kugonga mwamba, au hata maji. Hakuna kilichosikika.

"Kimetua?" aliuliza Shangazi.

"Sijasikia."

"Basi hajajibu. Tusubiri."

Nilitaka kucheka, nikajikuta nalia. "Shangazi, kama hakijatua, unajua kuna urefu gani hapo chini? Tumekaa juu ya hewa!"

"Usinipigie kelele mbele ya mungu."

Msumari ulichomoka darini ukagonga ukuta wa pili. Meza ya madhabahu iliinama upande mmoja, na bakuli la majivu ya udi likateleza taratibu mpaka ukingoni, likasimama hapo. Maharage yalimwagika kutoka mapajani mwa Shangazi, mengine yakabingirikia ufani. Ndipo nilipoiona mikono yake. Ilikuwa imeking'ang'ania kiti.

"Wewe pia unaogopa," nikasema.

"Kwani mimi jiwe?" Aliyafuta macho kwa kiwiko. "Noreen, simngoji Kwan Tai. Huyu ni wa kubebwa, atakaa popote. Nawangoja wale."

Alipiga ubao kwa kisigino, taratibu, kama mtu anayebisha hodi.

Kila mtoto wa ukoo wetu anawajua wale. Wachina wengine waliokufa Tarrawee walifukuliwa, mifupa ikaoshwa, ikafungwa kwenye masanduku ikarudishwa vijijini kwao kwa meli, kila mtu kwa mama yake. Lakini wanaume watano walikuwa shimoni siku lilipoporomoka, na hakuna aliyewafikia. Baba yake babu alikuwa juu siku hiyo, akivuta kamba ya ndoo. Akajenga hekalu juu yao ili pasikosekane mtu wa kuwapa chakula. Maiti asiyelishwa ugenini huwa na njaa, na mwenye njaa hachagui mlango wa kuingia.

"Nikiondoka nani atawalisha?" aliuliza. "Wewe?"

Swali hilo alikuwa ameniuliza kila mwaka mpya, nami kila mwaka nilimjibu kwamba nina kazi Melbourne, barabara ni mbaya, tutaona. Safari hii sakafu ilishuka, si sana, kiasi cha ngazi moja.

"Mimi!" nilipiga kelele. "Nitawalisha mimi!"

"Usiniambie mimi. Waambie wao. Na si kwa Kiingereza, hawakuwahi kukipenda."

Lugha ya Kichina ya kijiji cha mababu zetu naijua ya jikoni tu: njoo, kula, moto, usiguse. Nikainama juu ya ule ufa, harufu ya udongo wa chini ikanipiga usoni, nikayaunganisha maneno niliyokuwa nayo. Sauti ilinitoka kama ya mtoto.

Shangazi alisimama papo hapo. Ajabu ya mwanamke huyo! Alimtoa Kwan Tai madhabahuni, akanipakatisha, akashika mkanda wa suruali yangu kwa nyuma, tukavuka. Colin alitupokea mlangoni na kamba, akatuburuta kwenye matope mpaka nje ya utepe, akimwita Shangazi majina ambayo siku nyingine yangempatia ufagio.

Hekalu halikuanguka kwa kishindo. Lilikaa chini kama mzee anayekaa kitini, bati likakunjamana, halafu pakabaki shimo na ukungu wa vumbi uliozimwa na mvua.

Tuliketi kwenye gari la Colin tumejifunika blanketi moja, mungu katikati yetu. Shangazi alilia sana, nami nikamshika. Kisha akaanza kucheka. Halafu akanitazama.

"Unajua umewaambia nini wale?"

"Kwamba nitawaletea chakula."

"Hapana, mwanangu. Umewaambia utakuja kula nao."

"Ni ulimi tu umeteleza. Si uwaambie!"

"Ahadi ya mbele ya Kwan Tai? Nani airudishe?" Aliniwekea kiganja shavuni, na hakuwa na mzaha hata kidogo. "Na siku hukutaja."

Sasa naishi Tarrawee, nyumbani kwa Shangazi, na Kwan Tai yuko sebuleni kando ya televisheni. Halmashauri imezungushia shimo uzio, na kibao cha urithi bado kimesimama. Mwezi wa saba wa Kichina ukifika, wafu wenye njaa wanapofunguliwa malango, nabeba wali na nguruwe wa kuchoma mpaka kwenye uzio. Napanga mabakuli sita, si matano. Nakula la sita palepale juu, mchana kweupe, nalimaliza lote, ili wasije wakasema bado wananidai mlo kule chini. Shangazi hunisubiri garini, na sijawahi kumwona akishusha kioo.

Lugha nimejifunza, neno kwa neno, na sikosei tena. Kila mwaka nawaambia: nimekuja, nimekula, sasa narudi nyumbani. Nalisema hilo la mwisho upesi na kwa sauti ndogo, kwa sababu ndilo walilolitaka wao, na hawakulipata.