Ng'ombe Wasiochunika wa Mwanhale

Asubuhi ile ya kiangazi cha mwaka 1936 Mageni alifungua zizi, akamsukuma kando dume mvivu aliyezoea kuziba mlango, akawatoa ng'ombe mmoja mmoja huku akiwagusa mgongoni. Wake mwenyewe walikuwa wachache na wembamba, na mmoja alichechemea. Wale wengine, wenye nundu zilizosimama na pembe za kuwageuza shingo wapita njia, walikuwa mali ya Bujiku wa Nyahanga, upande wa Kahama. Walikuwa pale kwa desturi ya kubilisa: unampa rafiki ng'ombe akutunzie, yeye anakunywa maziwa, wewe unabaki na mali yako.

Katika kubilisa shahidi ni ngozi. Ng'ombe akifa, mtunzaji humchuna, huikausha ngozi na kuibeba mpaka kwa mwenyewe, naye huitazama rangi na alama, na maneno yanaishia hapo. Asiyeleta ngozi amekula au ameuza. Mageni hakuwahi kukosa ngozi hata ya ndama, na jambo hilo alilijua vizuri sana. Alitembea Mwanhale kifua mbele, na hakuna aliyemwambia ashushe.

Lambo la Mwanhale lilichimbwa na wanakijiji wenyewe kwa majembe, Wagika ng'ambo hii na Wagalu ng'ambo ile. Hivyo ni vikundi viwili vya ngoma ambavyo havijawahi kukubaliana jambo lolote. Walichimba wakiimba na kukashifiana, kila upande ukitaka kumwonyesha mwenzake, na lambo likatoka kubwa kuliko lililotakiwa. Hata leo, ukitaka ugomvi na mtu wa Mwanhale, mwambie umeona lambo kubwa zaidi mahali pengine. Baadaye mgodi wa dhahabu ulifunguliwa kilimani. Kambi ya wachimbaji ikajengwa juu ya lambo, na mtaro wa vyoo vyake ukaelekezwa bondeni, kwa kuwa huko ndiko maji machafu yangeteremka bila gharama. Kisha mgodi ukaweka pampu na bomba, ukayapandisha maji yaleyale kambini.

Kiangazi hicho maji yalipungua, yakatulia, yakaota utando wa kijani mzito kama rangi ya milango. Yalinuka kama majani yaliyosahaulika ndani ya gunia. Limi, mke wa Mageni, alifua nguo pale, akaamka kesho yake mikono imejaa vipele na ulimi una ganzi, akasema yeye harudi tena. Wengi walimwona anadeka. Walisema ule ujani ni malisho ya majini, na kwamba lambo lililochimbwa na watu hodari kiasi kile haliwezi kuwa na maji mabaya. Mageni naye alisema hivyohivyo.

Siku hiyo upepo ulikuwa umeusukuma utando wote upande wa kunyweshea. Mageni alifanya kama siku zote: aliwazuia ng'ombe wake kwa fimbo na kuwatanguliza wa Bujiku, maana mali ya mwenzio hunywa kwanza na yako hufuata, hata ikikuta tope. Wa Bujiku walikunywa wakashiba. Kabla wale wengine hawajaufikia ukingo, ng'ombe wa kwanza alianza kutetemeka miguu, akapiga magoti, akaanguka. Wenzake wakafuata. Jua lilipofika utosini, ng'ombe wote wa Bujiku walikuwa wamelala ubavu, wamekufa, midomo yao ya kijani, na wa Mageni wamesimama na kiu yao, wazima kabisa.

Aibu ilimpanda Mageni mpaka masikioni. Alijua watu wangeionaje hali hiyo. Aliwarudisha wake zizini, akaenda kumwita jirani yake Jilala, mchunaji ambaye hakuwahi kutoboa ngozi, wakarudi lamboni na visu.

Walikuta ng'ombe wamesimama. Jilala aliweka kiganja puani mwa kila mmoja, kisha sikio ubavuni, na hakuchukua muda. Alisema hawapumui, mioyo haipigi, wamekufa vizuri bila shaka yoyote. Ng'ombe walimngoja amalize, wakajipanga, wakaenda nyumbani kwa mstari, vichwa juu, wakaingia zizini na kusimama kila mmoja mahali pake. Jilala alikifuta kisu chake ambacho hakikuwa kimekata kitu.

"Mimi huchuna aliyelala," alisema. "Hawa wamesimama. Siwezi."

Majirani walikuja kutazama. Waliona ni jambo la kueleweka. Ng'ombe wa mahali pengine wakifa hulala chini kwa sababu ndivyo walivyolelewa, walisema, lakini hawa walilelewa Mwanhale. Hata hivyo wote waliona tatizo: ngozi haikuwepo, na Bujiku angepata habari.

Kabla yake alikuja msimamizi wa maji wa mgodi, Mzungu aliyeitwa Bwana Maji, kwa motokaa, pamoja na mkalimani wake Zamoyoni, kijana Mwislamu wa Shinyanga mjini ambaye baba yake aliuza vitambaa. Mageni alimweleza kuhusu utando na mtaro. Bwana Maji akataka kuiona mizoga. Akaonyeshwa zizi. Akasema mizoga hulala. Ubaya wa maji, alisema, hujulikana kwa mizoga iliyoyazunguka, na lambo hili halina hata mmoja, kwa hiyo maji ni mazuri na mtaro uko sawa. Zamoyoni alimweleza kwa adabu kwamba ng'ombe hawa hawapumui. Bwana Maji alijibu kwamba pumzi za ng'ombe si kazi yake, akaomba wasogezwe motokaa ipate kugeuka.

Wagalu hawakukosa nafasi. Mageni alikuwa Mgika, na haikupita juma wakawa wametunga wimbo juu ya mtunzaji hodari ambaye ng'ombe wa rafiki hufa na wake hunenepa. Ulikuwa wimbo mzuri, hata watoto wa Mageni waliushika. Mageni aliusikia kila jioni na kila jioni ulimuuma. Mali angeweza kuilipa pole pole. Jina likiharibika, hakuwa na mahali pa kuchukua lingine.

Bujiku alifika akiwa na vumbi la njia nzima ya Kahama.

"Mwangaluka, baba," Mageni alimwamkia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka."

Bujiku hakukaa. Alikwenda moja kwa moja zizini, watu wakamfuata, Wagalu wakiwa mbele. Alikwangua ujani mdomoni mwa ng'ombe mmoja kwa ukucha, akaunusa. Aliweka sikio ubavuni mwa yule aliyempenda kuliko wote, akaliacha pale muda mrefu. Kisha akauliza swali ambalo Mageni alikuwa akiliogopa.

"Wangu wamekufa. Wako mbona wazima?"

"Wako walitangulia kunywa," alisema Mageni.

Bujiku alimtazama. Alitazama ng'ombe wembamba wa Mageni, akatazama wake, wanono, waliokufa wakiwa wamesimama. Alipozungumza alipaza sauti ili Wagalu wasibabaike baadaye.

"Ningekuta wako ndio wamekufa, ningejua ulianza na tumbo lako. Ng'ombe wangu wako mikononi mwa Mageni, wakiwa hai na wakiwa wamekufa. Sidai ngozi. Na nikileta wengine nitawaleta hapahapa."

Mageni alilia mbele za watu na wala hakujificha. Wagalu waliuacha wimbo ule jioni hiyohiyo, ingawa walisikitika, kwa kuwa mwitikio wake ulikuwa umewakaa vizuri.

Tangu hapo ng'ombe waliokufa walitoka zizini kila alfajiri bila kufunguliwa, wakaenda kujipanga ukingoni pale ambapo upepo hulundika ujani. Ng'ombe hai wakifika huwatazama, hugeuka. Watu nao waligeuka. Walichimba visima kwenye mchanga wa mto mkavu, Wagika wakianza na Wagalu wakichimba virefu zaidi, na maji yakatoka meupe. Katika Mwanhale hakufa tena mnyama wala mtu kwa maji ya lambo. Limi alipona vipele, na hakumkumbusha mumewe zaidi ya inavyostahili.

Bomba la mgodi lilivuta maji katikati ya lambo, ambako ng'ombe hawakuweza kusimama. Kambini watu walitapika, macho yakawa ya manjano, na makaburi yakaongezeka nyuma ya mabanda. Siku moja Zamoyoni alishuka lamboni mbele ya Bwana Maji. Kijana huyo alikuwa amefariki Ijumaa. Wenzake walimwosha na kumsalia, na Jumamosi asubuhi, kabla ya kuzikwa, akaamka, akavaa kanzu yake, akaripoti kazini kwa wakati.

"Shikamoo, Baba Mihayo," Zamoyoni alimwamkia Mageni kwa jina la mwanawe.

"Marahaba. Pole, mwanangu. Umemwambia Bwana?"

"Nimemwambia kwamba maji yameniua. Anasema, mbona niko kazini?"

Mageni alimpa mkono. Mkono wa kijana ulikuwa wa baridi, lakini uliushika wake kwa nguvu.

Bwana Maji alikuwa amekuja na kamera. Wakubwa wake walitaka kuhakikishiwa kuhusu maji, naye hakuwa ameona popote ng'ombe wa kupendeza kama hawa, ambao hawafi na ambao kila siku wako ukingoni. Alimwambia mkalimani amwondoe mchungaji kwenye picha.

"Mwambie ng'ombe hawa wana mtunzaji," alisema Mageni. "Tutapigwa picha wote."

Zamoyoni alitafsiri, kisha akauacha ubavu wa bwana wake, akaja kusimama pamoja nao. Ng'ombe waliinua pembe. Hakuna aliyetikisika, na kamera ikafanya kazi yake.

Picha ilitoka safi sana. Ng'ombe wanang'aa, Mageni na Zamoyoni wameinua nyuso kama wenye nchi, na nyuma yao, juu kilimani, wanawake wa kambi wamepanga foleni bombani na ndoo zao.