Soksi Iliyobana Juu

Fundi alikuwa na kipaji cha kushona, na yeye ndiye aliyekuwa mtu wa kwanza kukigundua. Watu wenye bega moja juu na jingine chini walivaa suti zake wakatoka wamenyooka kabisa. Kwa hiyo siku dada yake aliporudi kutoka zahanati akilalamika kwamba soksi zote za kubana alizojaribishwa zilikuwa ama fupi ama pana, Fundi alicheka mpaka akaweka mkasi chini.

"Mnahangaika kutafuta soksi, na mimi nipo hapa!" alisema. "Kaa nikupime."

Dada mtu alikuwa msusi. Chumba chake cha kusukia kilipakana na cha kushonea cha Fundi, mdogo wake, ukuta wa mbao katikati, na kwa miaka ishirini na miwili alikuwa amesimama nyuma ya vichwa vya watu kutwa nzima. Mguu wa kushoto ulianza kuvimba jioni tu, kisha mchana, mwishowe akawa anaamka nao umevimba. Sasa juu ya kifundo palikuwa na kidonda cha ukubwa wa kifuniko cha soda, kinachotoa maji, huu ukiwa mwezi wa tano. Muuguzi wa vidonda hakumung'unya maneno: uvimbe usiposhuka kidonda hakitapona, na kisipopona itabidi aache kazi ya kusimama. Maana yake aache kusuka. Kazi nyingine hakuwa nayo, wala hakuitaka.

Fundi alipima, akakata kitambaa kinachovutika, akashona kwa mshono bapa usiokwaruza. Na kwa kuwa kila mtu anajua soksi nzuri ni ile isiyoteremka, alitia chini ya goti lastiki pana ya vidole viwili, akaikaza barabara. Kifundoni aliacha nafasi, ati kidonda kipumue. Dada aliivaa, akageuka huku na huku, akasema imemkaa.

Baada ya siku nane Fundi alimsindikiza zahanati, kusudi awepo wakati anasifiwa.

Muuguzi alikuwa mwanamke mfupi mwenye mikono isiyo na haraka. Aliishusha soksi polepole. Chini ya goti palikuwa na mfereji mwekundu uliozunguka mguu mzima. Kuanzia hapo kushuka, mguu ulikuwa umejaa, ngozi inang'aa, na bandeji ya kidonda imelowa chapachapa.

"Nani kashona hii?"

"Mimi," alisema Fundi, sauti ikiwa imeshapungua.

"Umeshona vizuri sana, kaka. Umemfunga dada yako kamba."

Fundi aliinuka. Mteja akimkosoa, desturi yake ilikuwa kumkunjia kitambaa chake na kumwambia atafute fundi mwingine. Alishafika mlangoni. Lakini aligeuka kumtazama dada yake pale kitandani, na ule mguu uliokuwa umeharibika zaidi kwa mkono wake, na aibu ikamshika. Akarudi, akakaa.

"Haya, Sista, nieleze," alisema. "Ila nieleze kifundi."

Muuguzi alivuta kiti.

"Damu kushuka mguuni si kazi. Kazi ni kupanda. Mishipa ya kurudisha damu ina vali, yaani vijilango vinavyofunguka kwenda juu tu. Ukitembea, nyama za shavu la mguu zinaikamua, damu inapanda, vijilango vinafunga nyuma yake. Vya dada yako vimechoka. Damu inarundikana chini, na shinikizo linarudi mpaka kwenye vishipa vidogo kabisa, vyembamba kuliko uzi wako wowote."

"Vinapasuka?"

"Wala. Vinavuja. Na vimeumbwa vivuje kidogo, ndivyo nyama inavyopata chakula. Kuta zake zimeungwa chembe kwa chembe, na kwenye maungio kuna vinafasi. Maji yanapita, chembe za damu zinabaki ndani. Juu ya hapo kuna utando laini wa kuchuja, na protini zilizomo kwenye damu zinayashikilia maji yasitoke yote. Yakizidi, kuna mishipa mingine inayakusanya na kuyarudisha kwenye damu. Kutwa kucha, na wewe huna habari."

Fundi aliuinamia mguu wa dada yake. Maisha yake yote alikuwa akitafuta kitambaa kinachopitisha hewa na kuzuia mvua, na kila muuzaji alikuwa amemdanganya.

"Na kingine," alisema muuguzi, ambaye sasa alikuwa ananogewa. "Ukisimama, damu inaelemea miguuni. Vishipa vya kurudisha vikitanuka tu, vile vinavyoleta damu vinajibana vyenyewe, ili isiingie kwa fujo ikavuja. Hakuna anayeviamuru."

"Kila nikisimama?"

"Kila ukisimama."

Fundi akasimama. Akakaa. Akasimama tena, akivitazama viatu vyake kwa heshima, mpaka dada yake akaangua kicheko.

"Basi wewe na lastiki yako umeziba njia ya juu," aliendelea muuguzi. "Shinikizo limezidi, maji yamevujia nyamani, na kidonda hakiponi kwenye dimbwi. Mguu unabanwa zaidi kifundoni, halafu unalegezwa kidogo kidogo kadiri unavyopanda."

"Itateremka."

"Ikikatwa sawasawa haiteremki. Kwani wewe si fundi?"

Hapo alimpata penyewe.

Muuguzi alikuwa ameshahakikisha kwamba damu ya kushuka inafika vizuri mpaka vidoleni, kwamba mguu unaweza kubanwa bila kudhurika. Akaufunga bandeji za kubana uanze kunywea, na Fundi akaondoka na vipimo kumi na viwili. Soksi ya pili ilibana katikati. Ya tatu ilijikunja nyuma ya goti. Kila moja muuguzi aliingiza chini yake kimfuko bapa cha kupimia shinikizo, akasoma, akatikisa kichwa. Fundi aliumia, lakini alifumua. Alipofumua aliviwaza vile vishipa, vinavyochuja na kujibana bila kelele hata ndani ya mguu wa mtu mvivu, akaona kipaji chake ni kidogo, na ajabu ni kwamba hakuona vibaya. "Kuna mafundi humu ndani," aliwaambia wateja akijigonga muundi, "sisi tunacheza tu."

Soksi ya tano ilikubali. Wiki ya kumi na moja muuguzi alifungua bandeji, akakuta ngozi mpya, nyembamba na kavu. "Kimefunga," alisema, na Fundi ndiye aliyelia.

Waliporudi, dada alimkalisha mteja na kuanza kugawa nywele. Fundi alisimama kizingitini.

"Dada, ile soksi ya kwanza. Ilikuuma?"

"Tangu jioni ya kwanza."

"Siku nane! Si ungeniambia?"

"Ningekwambia ungenuna, ukaitupa, na usingeshona nyingine. Nimekulea mimi, nakujua. Nikasema ngoja aambiwe na mtu ambaye hawezi kumnunia."

Fundi alifungua mdomo abishe. Ila ndivyo ambavyo ingekuwa, neno kwa neno.

"Lakini hata siku ile niliinuka," alisema taratibu. "Nilishafika mlangoni, dada."

"Nilikuona." Vidole vyake havikusimama, ila sauti ilishuka. "Kidonda hakijawahi kuniogopesha vile."

Fundi aliingia, akavuta kigoda, akakaa karibu na miguu yake. Hakujitetea, na hakuondoka mpaka kile kichwa kilipokwisha kusukwa.